Zadock Were, Muuza Bisi za Guru

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Lazarus, binamu ya marehemu, na haya yote niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, isipokuwa kuzaliwa kwake tu, na hata hapo nilichelewa kidogo.

Marehemu Zadock Were alizaliwa Butere tarehe 9 Aprili 1946, akasoma hadi darasa la sita, akaja Nairobi Januari 1971, akaajiriwa mpishi huko Loresho kwa Bwana Rasiklal, ambaye mkewe, Mama Chandrika, kila sikukuu ya Holi ya Wahindi alikaanga nafaka zikapasuka nyeupe, nyumba nzima ikala. Holi ya mwaka 1978 marehemu alipasua mahindi ya bisi, akachemsha sukari guru na njugu, akayamwagia, na mama akatafuna akasema, "Zadock, hii kitu peleka sinema, hapa jikoni inapotea bure!"

Basi tangu tarehe 2 Februari 1979 alisimama na meza na jiko lake nje ya sinema moja katikati ya mji, na nawaambia, familia za Kitisuru na makarani wa ofisi walipanga foleni kwake kabla hata ya kukata tiketi, mpaka Rajinder wa mlangoni, ambaye yuko nasi hapa, akawa anapiga kelele, "Were, punguza harufu bana, watu hawaingii ndani!"

Alimwoa Nanyama kanisani Kabiria tarehe 18 Desemba 1982, wakabarikiwa watoto watatu, Awiti, Obadia na Truphena, lakini naona haya kusema kwamba wakati wa posa alipoulizwa kazi yake, alijibu kwamba yeye ni meneja wa sinema.

Tarehe 19 Agosti 1989 mama mkwe wake, Mama Robai, alikuja mjini na akina mama wa kanisa kutazama filamu, marehemu akamwona akivuka barabara, akachutama nyuma ya meza na aproni kichwani, guru ikaungua jikoni, na kwa kuwa kwetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe, wale mama waliomtambua wakashangilia, "Robai, una mkwe! Meneja mzima anajificha nyuma ya meza ya watu kwa ajili yako!", naye mama akageuka akaenda zake kwa furaha, filamu hakuiona.

Sifa hiyo ilimchoma marehemu kuliko guru, na kila mara Mama Robai alipotaka wapeane zawadi kama desturi ilivyo, ili waanze kusalimiana kwa mkono, yeye mara ana safari, mara ana kikohozi, kwa maana aliogopa ataulizwa habari za kazi.

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 1994, akalazwa tarehe 30 Oktoba 1996, na alasiri ya tarehe 6 Novemba akanishika mkono, akasema, "Lazarus, mwambie mama mkwe mimi nauza bisi," akaaga dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kabiria, jamaa ya Rasiklal, na wenzake wote wa pale sinema. Zadock, lala kwa utulivu, bisi zako zilikuwa tamu.

Ila Mama Robai, hayo maneno ya mwisho ya marehemu nimeyatunga mimi, hakuyasema. Alisikia uko kwenye ngazi za hospitali unakuja kumwona, akavuta blanketi akajifunika uso, nawe ukarudi nyumbani ukisema mkwe wako ana adabu mpaka kitandani.