Nyar Garissa

Kwenye gari la kutoka Homa Bay kwenda Migori, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, mama wa makamo, alipakata mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani. Mwenzake mwenye hijabu, Kaltum, alikuwa na duka la nguo Migori mjini.

"Kila kitu nimefanya, mama," Kaltum alilalamika. "Leseni nimechukua hapa, watoto wanasoma hapa, hata kura nimehamisha. Lakini sokoni bado wananiita Nyar Garissa. Binti wa Garissa! Si ni kuniambia nirudi kwetu?"

Mama alicheka mpaka omena zikamwagikia kiatu changu. Sikuombwa radhi.

"Wee! Mimi niliolewa hapa nikiwa msichana. Nimezaa hapa, na mzee nimemzika hapa. Unajua naitwa nani? Nyar Gem. Kwetu ni Gem, huko Siaya. Mgeni wanamwita tu 'wewe'. Ukiitwa kwa jina la kwenu, ujue umeshakuwa mama wa hapa."

"Hapana. Mimi nataka waniite Nyar Migori."

"Basi hama. Nyar Migori ni yule ameenda kuishi kwingine."

Kaltum alitikisa kichwa kukataa. Gari likaingia steji ya Migori, na kabla halijasimama vizuri, watu wa boda wakaanza kuita: "Nyar Garissa! Nyar Garissa!"

Alirekebisha hijabu, akainua kidevu.

"Wananiita," akatuambia, kana kwamba sisi wengine hatukusikia.