Kasoro Moja ya Mama Giza

Ijumaa hii, saa kumi kamili za jioni, Mama Giza atamkabidhi meneja wetu funguo za chumba cha projekta na kustaafu rasmi, baada ya kutumikia tuzo yetu ya filamu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake la kwenye faili tunalijua wachache. Wengine wote humwita Mama Giza, kwa sababu kazi yake ni kuzima taa ili wajumbe wa kamati waone filamu. Huzizima polepole, kwa kidole kimoja, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Alianza kwa kukata tiketi mlangoni. Mwaka wa pili fundi wa zamani aliumwa mgongo, Mama Giza akaombwa amsaidie kubeba mikanda, na mikanda ile ya zamani ilikuwa mizito kama magunia ya saruji. Akabeba, akajifunza kuiunga ilipokatika, na fundi alipoondoka hakuna aliyeuliza nani achukue nafasi yake. Zilipokuja mashine za kisasa, wengi tulidhani atashindwa. Alisoma kitabu cha maelekezo kwa wiki mbili, akatufundisha na sisi. Chumbani mwake anavaa ndala za kitambaa ili asisikike akitembea, na sijawahi kumwona akila karanga wakati filamu inaendelea, ingawa karanga anazipenda kupita kiasi.

Fundi wa projekta hutunza daftari la kasoro. Sauti ikikwama, picha ikitetemeka, taa ikiwashwa kabla ya wakati, ni wajibu wake kuandika na kutia sahihi, na filamu hiyo lazima irudiwe. Daftari la Mama Giza lilikuwa jeupe miaka yote. Cheti cha utumishi bila kasoro hajawahi kukipata mfanyakazi yeyote wa hapa, na mimi, karani wa kamati, nilikuwa nimeshamchapia chake tangu mwezi wa pili.

Sasa nieleze habari ya ukuta wetu wa picha. Hadi mwaka huu, aliyeingia ukumbini alikutana na picha thelathini za filamu zilizowahi kushinda. Katika ishirini na tisa kuna mtu analia, au kaburi, au vyote viwili. Ya thelathini ina bibi harusi anayetabasamu, lakini walioiona filamu hiyo wanajua yaliyompata kabla ya keki kukatwa. Wageni hutuuliza kwa nini filamu zinazosifiwa ni za majonzi tu, na kila mmoja wetu ana jibu lake. Mhasibu husema huzuni inaonekana kama kazi ngumu, na watu hupenda kuzawadia kazi ngumu. Dereva husema mtu akilia unamwonea huruma, akicheka unamwonea wivu. Msafishaji wetu hana nadharia ila ana ushahidi: kwa miaka mingi alimjua mshindi kabla ya mwenyekiti, kwa kuhesabu karatasi laini zilizoachwa chini ya viti.

Mama Giza alikuwa na sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Kila mwaka mfanyakazi hupewa tiketi mbili za onyesho la mshindi, na ya pili alimpa dada yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Dada alikuja mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Baada ya wa tatu akamshika mkono hapo ngazini akamwambia, "Mdogo wangu, mimi nashinda na wanaolia, na nikirudi nyumbani nawaota. Siku mkipata ya kucheka, uniite." Tangu siku hiyo tiketi ya pili ilibaki kwenye mkebe wa biskuti juu ya rafu ya projekta. Nimeziona mwenyewe, ishirini na saba. Na akistaafu, tiketi zinakoma.

Msidhani anadharau filamu za huzuni. Kilio chake tumekisikia kupitia tundu la projekta, na yeye ndiye aliyesema filamu nzuri ya msiba humfanya mtu aende kumpigia mama yake simu. Lakini aliwatazama wajumbe kutoka nyuma kwa miaka hiyo yote, visogo saba, akaona kitu ambacho sisi wa mbele hatukukiona.

Chumba cha kamati kina viti saba vilivyotenganishwa ili mjumbe asichungulie alama za mwenzake. Na kuna kanuni ya tisa, ambayo nimeichapa kila mwaka bila kuifikiria: mjumbe asitoe sauti wala ishara ya kupendezwa, asije akawashawishi wengine. Mama Giza alinieleza siku moja tukinywa chai. Machozi hayana sauti, kwa hiyo mjumbe anaweza kulia hadi akalowa bila kuvunja kanuni. Kicheko kina sauti. Wakionyeshwa filamu ya furaha, watu wazima saba hujikaza kisabuni kwa saa moja na nusu, wanauma leso, wanakohoa kikohozi cha uongo, wanatoka mbavu zinauma. Halafu wanaambiwa wape alama, na wanaipa alama za mateso yale waliyoyapata. Mimi nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilimjibu hivyo.

Mwaka huu ikaja filamu ya kabati. Familia inahama ghorofa ya nne na inataka kushusha kabati la marehemu babu. Wakwe wawili waliokuwa hawasemeshani wanalazimika kulishika ncha hii na ile, majirani wanatoa ushauri usioombwa, mlango unang'olewa, na mwishowe inagundulika kwamba babu alilijengea kabati humo humo ndani na halikukusudiwa kutoka kamwe. Wanakaa chini, wanacheka, wanapatana, hawahami tena. Mama Giza aliitazama kwa majaribio peke yake asubuhi, akashuka kuniambia kwamba ameipata.

Wajumbe walionyeshwa filamu hiyo siku hiyo hiyo mchana. Mwenyekiti alikohoa mara kumi na moja. Mjumbe mmoja alijifinya paja hadi akachechemea akitoka. Nilijumlisha alama: arobaini na moja kati ya sabini. Iliyoongoza, ya mama anayengoja barua ya mwanawe, ilikuwa na sitini na mbili. Nikafunga faili.

Kesho yake daftari la kasoro lilikuwa mezani kwangu likiwa na mstari wake wa kwanza. Mama Giza alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa mviringo: "Filamu ya kuchekesha imeonyeshwa kwa watu waliokatazwa kucheka. Chumba hakikufaa. Nilijua tangu zamani nikanyamaza. Kasoro ni yangu." Na sahihi. Nilipanda ngazi mbili mbili kumsihi auchane ukurasa ule kabla mwenyekiti hajafika. Nilimkumbusha cheti. Alikuwa akipangusa lenzi, hakugeuka. Alisema, "Cheti nitakitundika wapi, na dada yangu bado hajacheka?"

Kikao kilikuwa kikali. Mjumbe mmoja alisema huo ni mzaha, na haikuwa rahisi kumbishia. Lakini kasoro iliyotiwa sahihi na fundi inailazimisha kamati kurudia, na hilo hata mwenyekiti hawezi kulikwepa. Mama Giza mwenyewe aliomba haki itendeke pande zote: filamu ya barua nayo irudiwe, zote mbili katika ukumbi mkubwa, wajumbe wakae miongoni mwa watu, na kanuni ya tisa ipumzishwe siku hiyo. Tukaalikwa wote, wapishi, madereva, wahasibu, walinzi.

Filamu ya barua ilianza. Tulilia, na nilisikia raha kulia nikiwa nimebanana na watu. Haikupoteza hata alama moja. Kisha likaja kabati. Dakika tano za mwanzo kulikuwa kimya. Ndipo mlinzi wa getini, mtu ambaye hatujawahi kuyaona meno yake, akaachia kicheko kinachofanana na pikipiki inayokataa kuwaka. Kidole kimoja hakivunji chawa; safu yake ikadakia, kisha ukumbi mzima. Miwani ya mwenyekiti ilianguka na hakuiokota hadi mwisho. Yule mjumbe aliyesema ni mzaha alikuwa akimpigapiga begani mpishi asiyemjua. Sitini na nne.

Kwa hiyo picha ya thelathini na moja ukutani ni ya watu walioketi sakafuni mbele ya kabati, wanacheka. Kamati imeagiza kwamba kuanzia mwakani kila filamu ionyeshwe mbele ya watu, na nimeifuta kanuni ya tisa kwa mkono wangu. Cheti nacho nimekichana, maana maneno "bila kasoro" hayakuwa kweli tena. Badala yake nimeandika kurasa hizi.

Mama Giza, tunakushukuru kwa giza lote ulilotuwekea, na zaidi kwa ule mstari mmoja kwenye daftari. Uende na afya, ulale hadi jua lipande, ule karanga zako kwa kelele upendavyo. Tunakuombea usikose kamwe mtu wa kucheka naye.

Nanyi mtakaohudhuria Ijumaa: baada ya hotuba tutaonyesha filamu ya kabati, na Mama Giza atazima taa kwa mara ya mwisho. Tiketi yake ya pili haimo mkebeni. Anayo mama mmoja mtu mzima atakayeketi safu ya tatu, ambaye hajaingia ukumbini humu kwa miaka ishirini na minane. Huenda akasita mwanzoni, amezoea kujikaza. Tafadhali, asicheke peke yake.