Mama Randa na Sakafu Iliyoubana Mlango

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu, Mama Randa anastaafu rasmi. Magoti yenyewe yalistaafu zamani, ila hayakufanyiwa sherehe.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, msaidizi wake Msumari. Si kwamba nina kalamu nzuri. Nilichelewa kikao, nikakuta nimeshachaguliwa.

Mama Randa aliingia karakana yetu kufagia maranda, akapanda hadi kuwa mkuu wa kikosi cha sakafu. Jina lake la kazi alilipata kwa kuwa randa haikumtoka mkononi, hata wakati wa chai. Ametandika sakafu ya maktaba, ya ukumbi wa mikutano, na ya jukwaa ambalo watu hulirukia kila mwaka nalo halijatoa hata mlio. Lakini hayo ameniagiza niyapitie haraka. Anachotaka kisimuliwe ni kile kisa cha mlango, ambacho yeye mwenyewe humsimulia kila mwanagenzi siku ya kwanza, akicheka kabla hajafika katikati.

Mteja alikuwa mshonaji aliyeishi na mama yake. Mbao za pale mlangoni zilikuwa zimelika kwa mchwa. Moja ikakatika, bibi huyo, mama yake mshonaji, akaanguka na kuvunjika nyonga. Siku ya kutoka hospitali ilipokaribia, mtoto wake wa kiume, kaka wa mshonaji, alishikilia kwamba nyumba ile haimfai tena, atamchukua akakae naye ghorofani. Bibi hakutaka kusikia. Basi mshonaji akatuita: sakafu iwe tayari kabla mama yake hajarudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Tuling'oa mbao kuukuu, tukaweka mihimili mipya, tukalaza plaiwudi ili isibonyee, juu yake mbao ngumu. Vumbi la barabarani lilitusumbua, tukaufunga mlango wa mbele na kupita wa jikoni. Ikawa safi! Mbao zimekaa sambamba kama meno ya kitana. Mimi nikarudi nyuma mara tatu kuistaajabia, utadhani nimeiumba.

Kisha Mama Randa akaniambia nifungue mlango hewa iingie. Nikavuta. Nikavuta tena. Nikamwendea mshonaji kumwomba ufunguo, akanipa, ukazunguka vizuri kabisa. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulikuwa unafungukia ndani, na sakafu yetu ilikuwa imepanda juu ya ukingo wake wa chini kwa unene wa kidole. Mafundi wawili, pima maji mbili, na hakuna aliyekumbuka kwamba mlango hufunguliwa.

Mlango wa jikoni ulikuwa mwembamba, na nje yake kuna ngazi. Bibi alikuwa njiani.

Mimi nilianza kutunga uongo: labda mbao zimevimba, labda nyumba imetitia. Mama Randa hakuningoja. Alimwendea mshonaji, akasema, "Dada, tumekosea. Mlango haufunguki, na kosa ni langu." Mshonaji akamtazama, akavuta pumzi. "Hata mimi nimewahi kumshonea bwana harusi suruali ya miguu miwili ya kushoto," akasema. "Sasa tunafanyaje?"

Tukang'oa pini za bawaba, tukauinamisha mlango kwa juu, tukautoa polepole kama mgonjwa. Ndipo gari lilipofika. Mtoto wa kiume akashuka, akaona tundu palipokuwa na mlango, na mlango wenyewe umelala juu ya mabenchi mawili, na mimi juu yake nimeukalia usiteleze.

"Mnaona?" akasema. "Nyumba haina hata mlango! Mama, twende zetu."

Bibi, aliyekwisha kushushwa kwenye kiti chake, akashika magurudumu. "Nipitishe, mwanangu. Mlango nitausubiri nikiwa ndani."

Akasukumwa. Sasa, sakafu ya zamani ilikuwa chini ya kizingiti, na gurudumu lolote lingejigonga pale. Ile yetu, kwa kupanda kupita kiasi, ilikuwa imelingana nacho sawasawa. Kiti kikateleza mpaka ndani bila hata kutikisika. Bibi akageuka, akatoka, akaingia tena. Mtoto wake akamwuliza Mama Randa kama tulilipanga hilo. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema ndiyo, yeye akasema, "Hapana, baba. Hilo limetuokoa tu." Yule bwana akacheka, akavua koti, akatushikia mlango tulipokuwa tukiukata chini. Bibi hakwenda ghorofani.

Mama Randa, wewe uliyetufundisha kupiga randa kufuata nyuzi za mti, na kutotupa kipande kifupi, asante. Asante kwa kututetea kwa wakubwa hata tulipokuwa hatuteteeki. Kikosi kizima kinakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, wajukuu wasiokupa pumziko, na viti vizuri, maana sasa utakaa kama binadamu wengine.

Wala usiwe na wasiwasi na sisi. Makosa tutaendelea kuyafanya vizuri tu. Tunachobishania tangu wiki iliyopita, na bado hatujapata wa kujitolea, ni nani atakayekuwa akienda kumwambia mteja.