Maungio Hayakuachia: Maisha ya Fundi Pima Tena

Mliokuja kumsindikiza fundi wa vioo, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Pima Tena, tulieni kidogo. Wasifu huu umeandikwa na mpwa wake kwa ruhusa ya mjane. Kamati ya mazishi ilitaka habari za tangi lake la samaki zifutwe, eti si mambo ya msibani. Hazijafutwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili kati ya watatu.

Alisoma mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1975. Wanaopenda kusema hakusoma wajue hili: siku moja mwalimu wa hesabu alimwita apime pembe ubaoni, akapima, akasema ubao wenyewe umepinda. Akala viboko. Na ubao ulikuwa umepinda kweli.

Mwaka 1977 aliingia karakana ya vioo kama mwanafunzi. Alikata vioo vya madirisha miaka arobaini na moja, na amezikwa leo na vidole vyake vyote kumi. Tafuteni fundi mwingine wa hivyo.

Mkewe, mshonaji, alimpata kazini. Kioo cha dirisha la binti huyo kilivunjika, fundi akaja kupima Jumatatu. Akarudi kupima Jumanne. Alhamisi yuko mlangoni tena na futi yake. Binti akamuuliza, "Wewe kaka, hili dirisha linakua?" Fundi akapima tena. Walioana tarehe 6 Agosti 1988.

Mwaka 2016 daktari wa meno wa mtaani alihama, akamwachia tangi la samaki wa maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Matumbawe hayataki mchezo, maji yakichafuka kidogo tu yanakufa. Basi marehemu akajenga tangi la pili, la kukaa chini kabatini, la kusafishia maji. Alitumia vipande vya vioo vilivyobaki karakanani, akavigandisha kwa gundi ya silikoni, akaligawa vyumba vitatu. Maji yalishuka kwa bomba, yakachujwa kwenye soksi ndefu ya mkewe, yakapita kwenye mawe, kisha pampu ikayarudisha juu. Hakuna aliyemfundisha.

Watu walicheka kwa sababu tangi la chini halikujazwa. Kaka yake mkubwa, dereva mstaafu, ndiye aliyecheka zaidi.

"Fundi gani anajaza nusu? Kioo kimekushinda?"

"Kaka, umeme ukikatika pampu inasimama, maji ya juu yanashuka. Nisipoyaachia nafasi, yatalala wapi? Kitandani kwako?"

Akachora mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika MWISHO. Miaka saba, umeme umekatika mara zisizo na idadi, halikumwagika hata tone.

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua. "Nimewachujia samaki wee," alisema, "chujio langu mwenyewe limeziba." Tarehe 4 Juni akalazwa.

Hapa ndipo pa kusikiliza. Tarehe 19 Juni kaka mkubwa alikwenda kumwangalizia nyumba. Akaona tangi la chini nusu, akasema samaki wana kiu. Samaki! Wana kiu! Akamimina ndoo nne za maji ya bomba, akapita mstari mwekundu, akajaza mpaka ukingoni, akaenda zake. Jioni umeme ukakatika. Maji ya juu yakashuka, yakakosa pa kukaa, sebule ikafurika, godoro na cherehani vikalowa. Na kesho yake akazunguka mtaani, mpaka wodini, akisema silikoni ya madirisha imeachia, mdogo wake alijenga takataka.

Shikamoo yake iko palepale, ni mkubwa wetu. Lakini huo ni uongo, na umerudiwa jana kwenye mahema haya haya, watu wakitikisa vichwa kwa huruma.

Marehemu aliposikia hakula siku mbili. Alimwuliza mkewe jambo moja tu: "Maungio yameachia?" Mkewe akarudi nyumbani, akapiga magoti, akapapasa kona zote kwa kidole. Akarudi wodini akamwambia, "Baba, hakuna hata moja lililoachia. Maji yalipita juu." Akasema, "Ahaa." Akaomba uji.

Alifariki tarehe 27 Juni 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, dada mmoja, na samaki watano. Matumbawe mengine yalikufa kwa yale maji ya bomba. Yaliyobaki yamefunguka tena wiki hii.

Tukitoka hapa tunakwenda nyumbani kwake wote. Tangi liko sebuleni, linafanya kazi. Anayebisha achuchumae apapase, kisha atuoneshe kidole chake mbele za watu, kama kimelowa. Kaka mkubwa, utaanza wewe.

Fundi, lala salama. Kazi yako imeshika.