Safari Moja ya Mzee Bado

Marehemu shemeji yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Alisoma shule jirani na karakana, akamaliza sekondari mwaka 1975.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha bia kuosha matangi, akapanda hadi mpishi mkuu wa bia. Mwaka 1996 yeye na mdogo wake walifungua kiwanda chao kidogo. Ukimuuliza kama bia imeiva, alijibu, "Bado." Jina likamganda. Mwaka 2001 mdogo wake alitaka kuuza tangi zima kabla ya wakati. Marehemu alifungua koki mbele ya wafanyakazi, bia yote ikaishia mtaroni. Akamwachia mdogo wake kiwanda, na kwa miaka mingi hawakusemezana.

Alimwoa dada yetu tarehe 4 Agosti 1984. Dada haonji pombe, lakini walizunguka pamoja viwanda vya bia vya miji mingi, yeye na chupa yake ya chai, akiuliza maswali mengi kuliko wanywaji.

Januari mwaka jana koo lilianza kumsumbua. Daktari alimruhusu safari moja tu kabla ya matibabu. Alitandaza ramani mezani. Mji wa bandari ulikuwa na viwanda vidogo vitano. Ule wa mlimani ulisifika kwa bia nyeusi.

"Na kwa shemeji yangu, mdogo wako?" dada aliuliza.

"Huko sina kiu."

"Haya, nenda bandarini ukanywe. Lakini hilo lililokukaba miaka yote hii, bia ya bandarini haitaliteremsha."

Asubuhi aliikunja ramani. "Vaa viatu, mama. Twende kwa huyo mtoto."

Mdogo wake aliwatembeza pamoja na wageni wengine, tangi kwa tangi, bila kumtazama usoni. Mwishoni aliweka glasi mbele yake.

"Ukitaka kuimwaga, kaka, mtaro ule pale."

Marehemu, ambaye hata uji aliumeza kwa taabu, aliinua glasi. Akanywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka povu la mwisho.

"Imeiva," alisema.

Mdogo wake aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Marehemu alifariki hospitalini tarehe 22 Agosti mwaka huu, alfajiri, mdogo wake akimlowesha midomo kwa pamba.

Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye ameomba awe wa kwanza kushika jeneza.

Alale kwa amani. Kiu yake imekatika.