Dada Yetu Aliyekataa Siri za Watu Zifungiwe Karanga

Ndugu waombolezaji, majirani, na viongozi wa halmashauri mliokaa viti vya mbele, mimi ndiye niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na ndugu zangu wamenituma niisome historia yake nzima, pamoja na sehemu ambayo jana tuliombwa kwa upole tuiruke.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa baba seremala na mama mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, akasomea utunzaji wa kumbukumbu, na Julai 1982 akaajiriwa masjala ya halmashauri, ambako alipanda hadi kuwa mkuu wake. Mwaka 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa zimamoto, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na shemeji hakuchoka kutania kwamba yeye anazima moto mjini, mkewe anauwasha ofisini.

Hakuwa mtu wa kurundika makaratasi. Majalada ya viwanja na ya makaburi alisema ni ya kudumu, lakini yaliyopitwa na muda aliyaorodhesha, akayaombea kibali, akayachoma mbele ya mashahidi mpaka yakawa majivu, maana karatasi ya halmashauri, alisema, ni ya mwananchi hata inapokufa.

Agosti 2009, dada akiwa likizo, mkurugenzi wa wakati huo aliamuru chumba cha kumbukumbu kigeuzwe ofisi, na majalada yakauzwa kwa kilo, bila orodha wala kibali. Dada aligundua aliponunua karanga stendi, zimefungwa kwa ukurasa wa ustawi wa jamii, wenye jina la mama mmoja, mtaa wake, na jinsi mumewe alivyokuwa akimpiga. Akaingia nao kwenye kikao cha madiwani, mkurugenzi akamwambia, "Kama una ushahidi, tusomee." Akajibu, "Nikiusoma hapa, nitakuwa nimekuwa wewe." Akasimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, na hiyo ndiyo sehemu mliyotaka turuke. Haturuki.

Hakukaa akalia, bali alizunguka na binti zake kwa wauza karanga, wakampachika jina Mama Kikaratasi, wakamrudishia magunia kwa magunia, ingawa majalada ya viwanja vya nyuma ya soko hayakuonekana tena, na wenye nyumba wa kule wanashtakiana mpaka leo. Alikata rufaa, akashinda Februari 2011, akarudi kwenye meza yake, na halmashauri ikapitisha kanuni kwamba jalada haliteketezwi bila orodha, kibali na mashahidi. Radhi hakuombwa. Alipostaafu mwaka 2021 walimpa cheti chenye jina lililokosewa, akakirudisha kisahihishwe.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022, akatibiwa kwa muda mrefu, hadi Jumanne tarehe 3 Juni 2025, adhuhuri, alipotutoka mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa masjala, waliothubutu kumsalimia hata aliposimamishwa. Viongozi, ile radhi mnayodaiwa haijapitwa na muda, ileteni kwa shemeji, nyumbani mnapajua.

Pumzika kwa amani, dada, ubishi tuachie sisi.