Bulaimu, Aliyeliliwa Mara Mbili

Ndugu, marafiki na majirani, familia inawasomea maisha ya Bulaimu Léon, mpiga kinanda, na inaomba radhi kwamba hamtasikia neno marehemu mbele ya jina lake, kwa sababu mwenyewe alilikataa, akisema alishaitwa hivyo akiwa hai na likamtosha.

Bulaimu alizaliwa Wamaza, teritware ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa Michel na Viviane, akasoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Kasongo, ambako alijifunza kinanda cha kanisa kwa uchu mwingi, hadi katekista akawa anaficha ufunguo.

Tangu 2003 alifanya kazi katika studio za Bukavu, akiwapigia waimbaji wengine, vidole vyake vikasikika katika nyimbo zaidi ya mia mbili, ila jina lake halikuandikwa popote. Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na Mwanvua, hapa Kasongo, wakajaliwa Ruphin, Esther-Divine na Junior.

Novemba 2012 alitoa diski yake mwenyewe, apate angalau mara moja kuliona jina lake kwenye jalada. Aliiita Feu, yaani moto kwa Kifaransa, lakini mchapaji akaunga kichwa na jina katika mstari mmoja, Feu Bulaimu Léon, na sote tunajua kwamba katika matangazo yetu ya misiba neno hilo husomwa marehemu. Diski zilimtangulia Kasongo, naye yuko njiani ambako simu haishiki, Mwanvua akakalishwa mkekani, watu wakalia siku tatu, na ya nne Bulaimu akafika, akauliza nani amekufa. Mama Mado, jirani, alipiga kelele, “Iko maiti inashuka ku pikipiki!”

Siku hiyo alicheka, lakini tangu hapo hakuna aliyetaka maiti apige kinanda harusini kwake. Alilikata lile neno kwa kalamu kwenye kila diski, na mstari ule mweusi ukazidi kufanana na msiba. Mwanvua naye, tuseme kweli, hakupona hofu, kwani kwa miaka kumi na miwili, kila asubuhi kabla ya kumwamsha, alimgusa unyayo aone kama una joto, na Bulaimu, aliyekuwa macho, alijifanya amelala.

Alianza kuugua sukari mwaka 2021, figo zikafuata, na asubuhi ya tarehe 19 Februari 2025 Mwanvua aligusa unyayo akaukuta baridi. Aliushika hadi jua likapanda, hakumwita mtu, akiogopa kutangaza uongo mara ya pili.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, wanamuziki wenzake, na majirani, hasa ninyi mliomlilia bure mwaka ule na leo mmerudi bila kinyongo.

Bulaimu Léon, mara hii ni kweli. Pumzika kwa amani.